Neno "HALAL" Ukutani Halichinji Kuku



Ndugu zangu wazazi, na nyinyi wanafunzi wetu mnaosoma mbali na nyumbani, leo nataka tuzungumze juu ya nyama choma. Najua wako watakaocheka. Watasema Waislamu tuna mambo mazito zaidi ya hayo: karo, ajira, madrasa zisizo na walimu. Ni kweli. Lakini karo hulipwa kwa muhula, na mtoto anakula kila siku iendayo kwa Mungu. Basi nivumilieni kidogo.

Mimi ni mtu wa Busia. Kwa wasioijua, ni mji mmoja uliopasuliwa na mpaka, nusu Kenya, nusu Uganda. Hata hilo jina la boda boda mnalolitumia kila mahali siku hizi lilitoka kwetu, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kutoka boda hadi boda. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018, kuvuka kumekuwa kwepesi zaidi, na mtu anaweza kunywa chai ya asubuhi Marachi na kula cha mchana Sofia bila kuhesabu kwamba amesafiri.

Katika miaka hii tumepata neema ambayo wazee wetu hawakuwa nayo, yaani vyuo vikuu karibu na mlango. Upande wa Uganda kuna Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 kando ya barabara kuu ya Jinja kwenda Tororo, mahali palipokuwa na chuo cha mitambo ya kilimo. Upande wa Kenya kuna Alupe, kwenye barabara ya kwenda Malaba, ambacho kilipata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2022. Zamani ukisema Alupe mtu alidhani unamzungumzia mgonjwa wa ukoma, kwa sababu ya ile hospitali. Sasa ukisema Alupe anauliza mwanao anasomea nini. Alhamdulillah.

Na chuo kinapokuja, jiko la mkaa hufuata. Nendeni mkaone wenyewe saa kumi na mbili jioni. Taa za vibanda zinawashwa moja baada ya nyingine, muziki unatoka milango mitano kwa wakati mmoja, boda boda zinapiga honi katikati ya wanafunzi, na moshi umetanda mpaka huoni ng'ambo ya barabara. Huku chipsi, huku chapati za kukunja na mayai ambazo wenzetu wa Uganda wanaziita rolex, pale gonja, pale mapaja ya kuku kwenye vijiti, pale mbuzi mzima ananing'inia. Ni mahali pa raha, sitawadanganya. Hata mimi mate yalinidondoka.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea mwanangu chuoni. Sitasema ni upande gani wa mpaka, maana sikusudii kumharibia mtu biashara. Jioni akaniambia, "Baba, leo nakupeleka mahali tunapokula sisi." Tukafika kwenye banda moja kubwa la mabati lenye viti vya plastiki na meza ndefu. Ukutani palikuwa pameandikwa kwa rangi ya kijani neno HALAL, herufi kubwa kama mlango, na kando yake mwezi na nyota. Chini ya mwezi na nyota yalipangwa makreti ya bia mpaka kiunoni.

Mwanangu akaniona ninavyotazama. Akasema, "Baba, sisi hatunywi, tunakula tu." Tukaagiza kuku. Nikaenda nyuma kunawa mikono, na huko nyuma ndiko nilikoiona habari yote. Palikuwa na jiko moja refu lililotengenezwa kwa pipa lililopasuliwa. Mwisho mmoja wa wavu kulikuwa na mbavu za nguruwe. Mwisho wa pili kulikuwa na kuku wetu. Mafuta ya huku yanatiririka kuelekea kule, na kijana mmoja mwenye bidii anageuza zote mbili. Pembeni kulikuwa na manyoya, ndoo ya maji ya moto, na kuku wawili wanaongoja zamu.

"Nani amechinja hawa kuku?" nikamuuliza kwa upole.

"Mimi, mzee."

"Wewe ni Mwislamu?"

"Hapana. Lakini usijali, mzee, hiyo si nguruwe. Nguruwe ni ile ya upande ule."

Akanionyesha kwa koleo. Koleo lile lile.

Ndugu zangu, sikumkasirikia yule kijana na wala nyinyi msimkasirikie. Alijibu ukweli tupu bila kuficha neno. Nilichokirudia usiku kucha ni ile sentensi yake: hiyo si nguruwe. Nani alimfundisha kwamba halali maana yake ni "si nguruwe"? Si padri wake. Ni sisi! Miaka nenda miaka rudi Mwislamu akiingia hotelini anauliza swali moja tu, "Hapa mna nguruwe?" Akiambiwa hakuna, anakaa, anavuta sahani. Hao wenzetu wametusikiliza vizuri, wakajifunza dini yetu kutokana na maswali yetu. Tukiuliza nusu swali, tunapata nusu jibu.

Hapa nina jambo litakalowashangaza baadhi yenu, hasa akina mama mnaowausia watoto, "Mwanangu, huko uendako usile ng'ombe wa watu, wewe kula kuku tu." Mmekosea. Ni kinyume chake! Katika miji mingi ya Kenya na Uganda, ng'ombe wa kuuzwa buchani huchinjwa na Mwislamu hata pale ambapo mwenye bucha si Mwislamu. Ni desturi ya miaka mingi, na sababu yake ni ya kibiashara: mwenye bucha hataki kupoteza mteja yeyote. Ng'ombe anapelekwa machinjioni, anachinjwa mbele ya watu, anakaguliwa na afisa wa mifugo, anapigwa muhuri. Hata ile Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, iliyoanzishwa mwaka 1950, huchinja kwa utaratibu wa Kiislamu.

Kuku je? Kuku wa kibandani hana machinjio. Ananunuliwa sokoni asubuhi akiwa amefungwa miguu, anafikishwa nyuma ya banda, na anachinjwa na yeyote mwenye nafasi wakati huo. Mara nyingi ni mpishi, mara nyingine ni kijana wa kuosha vyombo. Mbuzi wa kuchoma naye mara nyingi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo yule mtoto mnayedhani amejihifadhi kwa kula kuku, ndiye aliyeingia mahali penye shaka zaidi kuliko mwenzake aliyeagiza kilo ya ng'ombe.

Ninyi mnaosafiri kutoka Kampala kuja huku mnaijua Namawojolo, pale magari yanaposimama na vijana wanakimbilia madirishani na vijiti vya kuku na nyama. Nani kati yetu amewahi kuteremka akauliza? Dirisha linafunguliwa, pesa inatoka, kijiti kinaingia, bismillahi, safari inaendelea.

Halafu kuna mutura. Wazazi wengi wa umri wangu hawajui kinachouzwa chini ya jina hilo karibu na vyuo vya upande wa Kenya, kwa hiyo nitalieleza bila haya. Ni utumbo uliojazwa nyama zilizokatwakatwa na DAMU, ukachemshwa, kisha ukachomwa. Unakatwa vipande vidogo kwenye ubao, unapewa na kachumbari na pilipili, kwa bei ambayo mwanafunzi yeyote anaimudu. Hapo hakuna haja ya kuuliza nani alichinja. Damu imetajwa pamoja na mzoga na nyama ya nguruwe katika aya ya tatu ya Suratul Maida. Nimewaona kwa macho yangu vijana wenye kofia, wametoka kuswali Isha, wamesimama kwenye ubao wa mutura wakisema, "Si ni ya ng'ombe?" Ni ya ng'ombe, ndiyo. Tatizo si ng'ombe.

Sasa nijibu wale watakaonijibu.

Wa kwanza ni mwanafunzi msomi. Atasema, "Mzee, aya ya tano ya sura hiyo hiyo imetuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu, na hapa mpakani karibu kila mtu ni Mkristo." Aya ipo, wala siwezi kuificha. Maulamaa wameizungumza kwa urefu, na wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, wameweka masharti mazito kuhusu ni nani hasa anayehesabika. Mimi si mufti, muulizeni sheikh wenu. Lakini hata yule mwenye kuichukua aya kwa upana wake hakusema kwamba mnyama anaweza kufa vyovyote. Koo likatwe, damu itoke, roho itoke kwa kisu. Na mimi nimesimama nyuma ya mabanda saa ya haraka, wateja wanapiga meza. Kuku anakatwa kidogo, na kabla hajatulia anatumbukizwa katika ndoo ya maji ya moto ili manyoya yatoke upesi. Huyo amekufa kwa kisu au kwa maji? Mtume (s.a.w.) alituamrisha wema hata katika kuchinja, tunoe kisu na tumpumzishe mnyama, kama alivyopokea Imam Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws. Kisu nilichokiona mimi kilikuwa butu hata kwa nyanya.

Wa pili atasema, "Usitutie wasiwasi. Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kwamba watu waliletewa nyama wasiyojua kama ilisomewa jina la Allah, na Mtume akawaambia wao wataje jina lake na wale." Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na ni rehema kubwa. Imetuondolea udadisi wa kumhoji kila Mwislamu mwenzetu kama alisema bismillahi. Lakini waliozungumzwa pale walikuwa ni watu waliosilimu karibuni. Ni Waislamu! Hadithi inamponya asiyejua kutokana na wasiwasi. Haimwambii anayejua afumbe macho. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa na mchinjaji mwenyewe.

Wa tatu, na huyu ndiye wengi, atasema, "Imeandikwa HALAL, dhambi ni yao." Ewe ndugu yangu! Rangi ya ukuta inauzwa dukani. Cheti cha halali ni kitu kingine. Uganda kuna Baraza Kuu la Waislamu, lililoundwa mwaka 1972, lenye kitengo chake cha kuidhinisha. Kenya kuna Kenya Bureau of Halal Certification. Cheti kina jina la mwenye biashara na kina tarehe. Ukuta hauna tarehe. Na tusijidanganye, vyeti hivyo vimelenga viwanda, machinjio na hoteli kubwa. Mama wa banda la mabati hatavifuata mpaka Kampala au Nairobi. Kwa hiyo huku chini, kwenye mkaa, cheti ni macho ya jirani. Jirani ni wewe.

Na lile jiko la pamoja? Abu Thaalaba (r.a.) alimwuliza Mtume kuhusu vyombo vya watu wa Kitabu, na jibu lilikuwa wasile humo wakipata vingine, na wasipopata vingine wavioshe kisha wale. Kwa Mashafi, chombo kilichopatwa na unyevu wa nguruwe huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo, na moto peke yake hausafishi. Basi niambieni ni banda gani linalosugua wavu kwa udongo kati ya oda moja na nyingine.

Nimekuwa mkali kwa vijana. Sasa zamu yetu, wazee, na hapa ndipo ninapotaka mkae vizuri.

Tuna watu wa aina mbili katika jamaa zetu. Aina ya kwanza ni wenye hasira. Nilipoisimulia habari hii baada ya swala ya Alasiri, mmoja aliruka, "Twendeni tukaufute huo mwandiko! Tukalipindue hilo jiko!" Nikamwambia aketi. Tumeshaona hayo yanakofika. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa Dar es Salaam. Watu wakakamatwa, na nguruwe inauzwa Dar mpaka leo. Februari 2013 kule Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje uliishia kwa mchungaji mmoja kuuawa. Roho ya mtu, kwa ajili ya kitoweo! Allah atuepushe. Majirani zetu wa Busia na Tororo wanafuga nguruwe, ndiyo benki yao na ndiyo karo ya watoto wao. Sensa ya mifugo ya Uganda ya mwaka 2008 ilihesabu nguruwe wapatao milioni 3.2. Ni haki yao wala hawajatulazimisha kula. Tunakaa nao, tunazikana nao, na wao hutupisha njia siku ya Idd.

Aina ya pili ni wenye hotuba. Hawa ndio wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kazi yao ni kusema "usile". Usile pale, usiketi pale, usinunue pale. Sawa! Ale wapi? Mwanafunzi ana chumba cha kupanga chenye kitanda, ndoo na jiko moja la mafuta ya taa. Anatoka darasani saa kumi na moja amechoka. Wenzake ishirini wanakwenda kuchoma. Ni siku ya mmoja wao kuzaliwa, au wamemaliza mtihani, au mpira wa Ulaya unaonyeshwa. Wewe uliyemwambia "usile" umemwandalia nini? Sensa ya Uganda ya mwaka 2014 ilitukuta tukiwa asilimia 13.7 ya watu wote. Ya Kenya ya mwaka 2019 ilitukuta karibu asilimia 11, na wengi wetu tuko Pwani na Kaskazini Mashariki, si huku magharibi. Kwa hiyo katika darasa la watu sitini, mtoto wako huenda yuko na Waislamu wenzake watatu au wanne. Kwenye Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988, swali hili halimsumbui mtu. Lakini si kila mtoto atakwenda Mbale, na si kila fani iko Mbale.

Tusichokijua sisi wazee ni kwamba urafiki wa chuo hufungwa mezani. Hapo ndipo mtu anaposikia nani anatoa kazi ya likizo, nani ana maswali ya mtihani wa mwaka uliopita, nani anaumwa, nani amefiwa. Mtoto tuliyemwambia "usile" akatii, amebaki chumbani peke yake. Mtoto tuliyemwambia "usile" akashindwa, amekaa mezani akiona haya, na siku ile ile ameona haya ameanza kuuacha msikiti, kwa sababu anajiona mnafiki. Nimewajua wa aina zote mbili. Wa pili hawakutolewa katika dini na falsafa wala na mwalimu wa chuo. Walitolewa na paja la kuku, na sisi tukiangalia.

Na jambo la aibu kuliko yote: biashara ya nyama katika miji hii imejaa Waislamu! Wachinjaji ni wetu. Wenye mabucha wengi ni wetu. Wanaosafirisha ng'ombe ni wetu. Tumeshika kisu na tumeshika ndoano, tukafika mlangoni pa jiko la mkaa tukageuka, tukasema hiyo ni kazi ya walevi. Tumejenga mnara mpya wa msikiti na hatukuweza kujenga banda la mabati lenye viti kumi mbele ya lango la chuo. Nikiuliza naambiwa, "Tutaunda kamati." Kamati hiyo ilikuwa iundwe kabla Alupe haijapata hati.

Basi nilifanya nini? Kidogo tu, wala si kwa ushujaa. Asubuhi ya pili nilirudi kwenye lile banda kabla wateja hawajafika. Mwenyewe ni mama mmoja mtu mzima, Mkristo, mjane. Akaniita Hajji, kama wanavyowaita Waislamu wote wenye mvi, ingawa mimi Makka nimeiona kwenye picha tu.

Nikamwambia, "Mama, nimekuja kwa wema. Lile neno ukutani, unajua maana yake?"

Akacheka. "Hajji, alilipaka fundi wa rangi. Aliniambia Waislamu wakiliona watakuja. Na kweli walikuja."

"Hawakukuuliza nani anachinja?"

"Hata mmoja. Wanakaa, wanasoma ukuta, wanaagiza. Mwaka wa tatu huu. Wewe ndiye wa kwanza."

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo lililonitia haya kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia Ijumaa: "Mngeniambia siku ya kwanza ningefanya. Kuku ni kuku, kwangu anayechinja ni mamoja. Leteni mtu wenu. Lakini aje saa moja asubuhi, nikichelewa mimi nakula hasara."

Ndugu zangu, miaka mitatu! Kilichokuwa kikikosekana ni mtu wa kufungua mdomo.

Tukakaa na vijana wa jumuiya ya wanafunzi Waislamu, wakapatikana wanne wanaojua kuchinja, wakapanga zamu. Kuku ni kumi na tano kwa siku za kawaida, na siku za mwisho wa wiki huongezeka. Kazi yote ni nusu saa, mtu anatoka hapo anakwenda darasani. Kuhusu jiko, yule mama alisema hawezi kununua la pili. Haki yake. Tukachanga baada ya Ijumaa mbili, fundi wa kuchomelea akatengeneza jiko jingine kwa pipa kuukuu, na tukanunua koleo, kisu na ubao vya jiko hilo peke yake. Vishikio vyake vimepakwa rangi ya kijani ili kijana wa jikoni asichanganye. Mbuzi tumemwomba amnunue buchani, kwa Mwislamu, badala ya kumchinja nyuma ya banda. Alikubali baada ya kupiga hesabu, kwa sababu bucha lilimpunguzia bei.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Bia bado ipo. Mtume (s.a.w.) amekataza mwenye imani kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi, na hilo sikuweza kulibadilisha kwa mama wa watu anayelisha wajukuu. Tulichofanya ni kwamba vijana wanafungiwa chakula na kwenda kukila kwenye uwanja wa chuo, chini ya miti. La ajabu ni kwamba rafiki zao wasio Waislamu wameanza kuwafuata huko na sahani zao, maana bandani kuna kelele. Na ilipofika wiki ya mitihani, zamu ilivunjika siku mbili. Hakutokea mtu. Yule mama alinipigia simu mimi, mzee wa watu, saa moja na nusu asubuhi: "Hajji, watu wenu wako wapi? Nichinje au ningoje?" Angeweza kunyamaza na kuchinja. Nani angejua? Nilipanda boda boda nikaenda mwenyewe.

Wako wanaoninong'ona kwamba nimehalalisha baa. Hao wote mlango wangu uko wazi. Mwenye fedha za kufungua hoteli safi isiyo na bia mbele ya lango la chuo, aje kesho, na mimi nitakuwa mteja wake wa kwanza na nitaiacha ile ya mabati siku hiyo hiyo. Mpaka afike, watoto wanakula leo usiku.

Wazazi mnaowapeleka watoto vyuo vingine, Tororo, Mbale mjini, Eldoret, Kisumu, popote: siku mnapompeleka mtoto na godoro lake, zungukeni nyuma ya banda analotarajia kula. Ulizeni nani anachinja, wavu ni wa nani, mafuta ya kukaangia yameangukiwa na nini kabla ya chipsi. Ulizeni kwa tabasamu. Na wasichana wasiachwe nje ya zamu. Naona wengi mnadhani mwanamke hachinji, ilhali kwa Bukhari imo habari ya mjakazi aliyekuwa akichunga mbuzi wa Kaab bin Malik, akamchinja mmoja kwa jiwe alipomwona anataka kufa, na Mtume akaamrisha aliwe. Mmoja wa wale wanne wetu sasa ni binti, na mkono wake ni mwepesi kuliko wa kaka zake.

Mitihani inaanza tena baada ya wiki tatu, na zamu za Jumanne na Alhamisi hazina mtu. Nahitaji wawili, wanaojua kuchinja na wanaoamka. Kisu kiko kwangu, nimekinoa. Tukutane mlangoni pa msikiti baada ya Alfajiri, tutagawana nauli ya boda boda.

Wassalaam alaykum.